Kanzu ya Idd Isiyobakiza Kipande

Palikuwa na Sultani mmoja, Badawi bin Ngwali, aliyeamini kwamba kila fundi cherehani ni mwizi. Si mwizi wa mbuzi wala wa vyombo. Mwizi wa vipande. Akapiga mbiu: kitambaa cha Sultani kikiingia kwa fundi kizima, kirudi kizima. Atakayekutwa na kipande mkononi, hata kama hakitoshi kumfunga kuku mguu, gerezani!

Wa kwanza kunaswa akawa Fundi Kombo. Alikutwa na kipembe cha bafta, kitambaa cheupe cha kanzu za Sultani, anafutia miwani.

Mkewe, Bi Mize, alikuwa mchoma vitumbua. Kwa ukali wa ulimi wake, wateja walinunua kimya kimya, kisha wakashukuru. Akafunga jiko, akaenda barazani kwa Sultani bila kuitwa.

"Seyyid, nimemfuata mume wangu."

"Mumeo mwizi."

"Basi ni mwizi mjinga. Kwenye jora zima aibe cha kufutia miwani?"

Watu wakainamisha nyuso. Sultani hakucheka.

"Maneno unayo, mwanamke. Na mikono je? Nishonee kanzu yangu ya Idd. Kisibaki kipande, kisipungue kipande. Ukiweza, Kombo atatoka. Ukishindwa, utamfuata huko huko."

"Mimi ndiyo kwanza najifunza, Seyyid."

"Vizuri. Mwanafunzi bado hajafika somo la wizi."

Mize akarudi nyumbani na bafta kichwani. Kombo alikuwa ameanza kumfundisha kukata, lakini hawakufika mbali. Kila somo liliishia kwenye ubishi, na kila ubishi kwenye kicheko. Sasa chumba kilikuwa kimya. Akatandika bafta sakafuni, akachukua karatasi ya Kombo ya kukatia kanzu, akamsikia mumewe kana kwamba amesimama nyuma ya bega lake: Kunja kitambaa, Mize. Ukingo ulionyooka wa karatasi ulaze kwenye mkunjo, na hapo usikate, maana karatasi hii ni nusu ya mtu. Nusu nyingine iko chini. Bana kwa pini. Chora kwa chaki. Acha nafasi ya mshono. Kisha pumua kwanza. Mkasi hauombi radhi.

Akapumua. Akakata mbavu, akakata mikono. Vipembe vilivyotoka mbavuni akavitia kwenye makwapa. Vilivyotoka mikononi akaviunga kwenye pindo. Hakikupotea hata kimoja. Mwisho akafika mahali pamoja kwenye karatasi, mkasi ukasimama hewani. Akaitazama karatasi. Akautazama mkasi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ya Idd baraza ilijaa. Desturi ya mji ule ilikuwa hivi: Sultani huvaa kanzu yake mpya mbele ya watu, na akishaitia mwilini haivui mpaka amalize kuswali. Kuivua kabla ni mkosi wa mwaka mzima.

"Kiko wapi kilichobaki?" akauliza Sultani.

"Hakuna, Seyyid. Bafta yako yote imo humo."

Sultani akatabasamu, akainua mikono, akaingia ndani ya kanzu. Mkono wa kulia ukatokeza. Wa kushoto ukatokeza. Kichwa hakikutokeza. Kikatafuta huku, kikatafuta kule, kama paka aliyetiwa kwenye mfuko wa mto. Sultani akapiga hatua, akaikumba nguzo, akaiamkia.

"Mize!" sauti ikatoka ndani. "Mbona kiza?"

"Ni kanzu isiyobakiza kipande, Seyyid."

"Shingo iko wapi?"

"Shingo ya kanzu ni tundu, na tundu ni kipande kilichotoka. Wewe umesema kisipungue kipande."

Waziri akaziba mdomo kwa kilemba. Nje, ngoma ya Idd ikaanza kulia.

"Pasua kidogo tu, nipenye!"

"Mpasuo ni wa gunia, Seyyid. Raia waseme Sultani wetu leo ni mchele?"

"Basi kata shingo!"

Askari mwenye upanga, mtu wa kutii kabla ya kuelewa, akasogea mbele.

"Ya kanzu!" akapiga kelele Sultani. "Ya kanzu, mjinga wewe! Mize, kata!"

"Sithubutu. Nikikata, kipande kitakuwa mkononi mwangu."

"Kitupe!"

"Nikikitupa, kitambaa kimepungua."

"Kimeze!"

"Mimi nakula vitumbua, Seyyid, si bafta."

"Nakuruhusu, basi!"

"Mbiu ilipigwa mji mzima. Ruhusa inatoka ndani ya mfuko. Nani ataapa kwamba aliyesema ni wewe?"

Sultani akageukia alikodhani Waziri amesimama, akaiambia nguzo:

"Waziri, kata wewe!"

Waziri akaficha mikono yote miwili ndani ya joho. "Nina watoto, Seyyid," akasema kwa adabu.

"Kadhi!"

"Nina kikohozi," akajibu Kadhi, akakohoa ili asionekane mwongo.

Ngoma ikazidi. Nje watu walianza kuuliza kama Sultani ni mgonjwa.

"Leteni mkasi! Nitakata mwenyewe!"

Mize akamtilia mkononi mkasi aliokuja nao, kwa heshima zote. Sultani akaikusanya bafta juu ya utosi, akaivuta, akakata. Kichwa kikachomoza kama cha kobe baada ya mvua, chekundu, kinatweta, kinang'aa kwa furaha. Akaunyanyua mkono juu kwa ushindi.

Hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wanautazama mkono ule. Sultani naye akautazama. Katikati ya vidole vyake palining'inia kipande cha bafta, cha mviringo, kizuri.

Mize akapiga goti.

"Seyyid, Kombo anakoroma sana. Atolewe kwanza, au mtalala pamoja?"