Mavura, Baba wa Mfereji wa Ngolea

Sogeeni karibu, watu wa Ngolea, na walio nyuma wanyamaze, maana leo nawatajia mlikotoka, na jina nitakalolitaja halitajwi huku mtu anatafuna.

Ilikuwa zama zile karne moja ikizeeka na nyingine ikichungulia mlangoni, zama ambazo sotoka ilishuka juu ya ng'ombe wa Upare mpaka tai wakashiba wakashindwa kuruka, kisha nzige wakaja kumaliza kilichobaki, kisha mvua nayo ikagoma. Katika zama hizo aliishi Mavura, mwana wa Kajiru mfua vyuma, Kajiru mwana wa Sekiete aliyeingia milimani akiwa na jembe moja na mke mmoja. Mavura Mabega Mapana, Mavura Asiyesimama Njiani, mtu aliyebeba jiwe la kusagia kutoka bondeni hadi kileleni bila kulitua, kwa sababu, alisema, angelitua asingependa kulinyanyua tena.

Kajiru alipokufa, kaka mkubwa, Senkoro, ndiye aliyegawa urithi. Alijichukulia migomba yote ya kileleni kwenye chemchemi, kisha akamwonyesha Mavura mteremko wa Ngolea, uliokuwa mawe na miiba, mahali ambapo hata mbuzi walipita bila kusimama.

"Wewe na mkeo hamkujaliwa mtoto," Senkoro alisema mbele ya wazee. "Matumbo mawili hayahitaji migomba mia."

Nangasu, mkewe Mavura, aliinamisha kichwa. Mavura hakugombana. Aliutazama ule mteremko, akatazama ng'ambo, kule mto Sasenyi ulikoporomoka msituni na kupotea korongoni bila kumfaidisha mtu, akasema, "Ardhi hii haina kosa. Imenyimwa maji tu."

Kesho yake alianza kuchimba.

Basi mwoneni, ndugu zangu, mwoneni Mavura akiuchimba mfereji kutoka mtoni, akiuzungusha mlima kama mtu afungaye mshipi kiunoni, huku Nangasu akitangulia na kibuyu cha maji, akiyamwaga kidogo kidogo na kutazama yanakoelekea, ili mfereji ushuke polepole usije ukakimbia. Watu wa kileleni walicheka. Lakini njaa ilikuwa inapandisha watu kutoka tambarare, na hao hawakucheka. Wa kwanza alikuwa Kiluwa, Mzigua aliyezika watu wake wote njiani, mbavu zake zikihesabika kwa mbali. Alisimama juu ya mtaro akauliza, "Mzee, kuna kazi?"

"Kazi ipo. Chakula ni viazi vikuu vya porini, na si kila siku."

"Na baada ya kazi?"

"Atakayechimba na mimi atalima na mimi," alisema Mavura, na neno hilo likashuka tambarare likakimbia kuliko moto wa nyika. Akaja Nakundwa, mjane aliyefinyanga vyungu. Wakaja wengine, wa lugha hii na lugha ile, wenye chale na wasio na chale, na kila aliyefika alipewa jembe kabla ya kuulizwa jina.

Mfereji ukaenda, ukaenda, ukafika kwenye Mwamba wa Chui ukakwama. Mwamba huo uliziba njia yote, juu yake ukuta, chini yake shimo. Mavura aliupiga kwa mtaimbo aliofuliwa na baba yake mpaka viganja vikachubuka, na mwamba haukutoa hata kokoto. Siku zikapita. Wachimbaji wakaanza kutazama chini, na wengine wakafunga mizigo yao.

Nakundwa ndiye aliyesema, "Chungu changu kikiwa cha moto, tone moja la maji baridi linakipasua. Mwamba ni udongo uliozeeka tu."

Walikata magogo, wakayapanga ubavuni mwa mwamba, wakayawasha jua lilipochomoza, wakauchochea moto ule mpaka alasiri, mpaka mwamba ukawa mwekundu na watu wakashindwa kuukaribia. Ndipo Mavura akajifunika ngozi iliyolowa, akaingia kwenye joto lile, akabomoa kizuizi cha udongo kilichozuia maji mferejini, na maji ya Sasenyi, maji yaliyotoka kwenye giza la msitu, yakaupiga mwamba. Mlio wake ulisikika mpaka kileleni. Mvuke uliwafunika wote, na ulipoondoka, mwamba ulikuwa umepasuka kuanzia juu hadi chini, na katika ufa ule maji yalikuwa yanapita, yakitembea yenyewe kuelekea Ngolea. Kiluwa alikaa chini akalia. Mavura, nyusi zake zimeungua, aliyafuata maji kwa miguu mpaka shambani, akayatazama yakinywewa na udongo.

Wakajenga ndiva, bwawa la kutunzia maji, juu ya korongo. Wakalima mahindi na maharage. Mwaka ambao milima mizima ilikula mizizi, Ngolea ilikula ugali.

Lakini shibe nayo huonekana kwa mbali. Asubuhi moja, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, Kiluwa alipanda mbio kutoka bondeni.

"Kaka, wasaka vibarua wa mashamba ya katani wanakuja. Wana bunduki na kamba. Wameshaingia korongoni."

Wote walijua maana ya kamba zile. Aliyefungwa kwa kamba ile hakurudi kulima kwake.

"Wapeleke watu msituni," Mavura alisema. "Wote, wazee kwanza. Mimi nakwenda kwenye ndiva."

Nangasu alimshika mkono. "Ukiibomoa ndiva, mfereji nao utakwenda. Mahindi yatakauka."

"Mahindi tutapanda tena, Nangasu. Watu sina pa kuwapanda."

Akachukua mtaimbo, akapanda. Waliokuwa wamefika ukingo wa msitu waligeuka wakamwona amesimama juu ya ukuta aliokuwa ameujenga kwa mikono yake, akiupiga, akiupiga, mpaka ukuta ukaachia. Maji yakashuka korongoni yakiunguruma, yakabeba mawe na miti, na wasaka watu wakatupa kamba na bunduki wakaparamia kingo kama ngedere, wakakimbia, na msimu ule hawakurudi.

Mavura hakuonekana tena. Walimtafuta korongoni kote, wakatafuta mpaka tambarare ambako maji yalitawanyika mchangani, wasipate mwili wala nguo. Wapo waliosema mto ulimrudisha msituni. Mimi nawaambieni lile tu tuliloachiwa: hakupatikana.

Kabla matope hayajakauka, Senkoro alishuka na wazee.

"Ndugu yangu hakuacha mtoto," alitangaza. "Ardhi inarudi kwangu."

Nangasu alisimama, macho yamevimba kwa kilio, sauti imetulia. "Waulize hawa."

Kiluwa akasogea mbele akasema, "Mimi ni Kiluwa wa Mavura." Nakundwa akasimama kando yake, "Nakundwa wa Mavura." Na mwingine, na mwingine, mteremko mzima, Wapare na Wazigua na Wakamba na Wataita, kila mmoja akalitaja jina lake na la baba yake mpya, mpaka wazee wa kileleni wakatazamana, na mkubwa wao akamwambia Senkoro, "Shemeji yako ana watoto wengi kuliko wewe. Twende nyumbani."

Siku ile ile, Nangasu akitangulia na kibuyu, walianza kuuchimba mfereji upya.

Huo ndio ukoo wetu. Kiluwa alimuoa Nakundwa, wakamzaa Sempombe, Sempombe akamzaa Mashaka aliyeupanda mti wa kwanza wa kahawa hapa, Mashaka akawazaa akina bibi zenu. Ndiyo maana mgeni akifika Ngolea leo na kukaa, hatumuulizi damu yake. Tunampeleka pale mfereji unapohitaji kuzibuliwa, na jioni, akiwa na matope magotini, tunamwita kwa jina la Mavura.