Kwa Nini Aliyeamka Hasalimiwi Kabla ya Kunawa Uso

Hapo kale, kabla chungu hakijajua kustahimili moto, watu wa milimani walikula vya kuchoma na vya kukaanga juu ya jiwe. Siku hizo aliyefumbua macho alisalimiwa papo hapo. Kumwacha ilikuwa dharau. Naye alipaswa kujibu yote: usingizi, watoto, mbuzi, hata jirani mwenye kikohozi.

Mwanamke mmoja, Namkunda, alikuwa akijaribu kufinyanga chungu cha kustahimili moto. Aliishi na mama yake mzazi, Nambua, ambaye hakubakiwa hata na gego moja. Namkunda alimtafunia mtama, akamtafunia na mtoto wake mchanga, kisha akala kilichobaki, taya zikimuuma. Hata hivyo mama alizidi kukonda. Uji ungemwokoa, lakini uji unataka chungu, na kila chungu alichokipeleka motoni kilipasuka.

Mara mbili aliota jibu. Mara ya kwanza mumewe, Kirumbe, aliona kope zake zikicheza.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi umelala karibu nao wewe." Alipomaliza kujibu, ndoto ilikuwa imekwenda. "Kuna kitu nilikuwa nacho," akasema.

"Mkononi?"

"Kichwani."

"Basi hakijaenda mbali," Kirumbe akasema, akaenda zake kukama.

Mara ya pili aliyemsalimu alikuwa mama yake, na salamu ya mzazi haiachwi ikining'inia. Ndoto ikapotea tena.

Asubuhi ya tatu Kirumbe na watoto wakubwa walikuwa shambani wakifukuza ngedere. Namkunda alizinduka, akangoja salamu ya mama. Haikuja. Nambua alikuwa macho, midomo ikitikisika, ila sauti haikuwa na nguvu ya kutoka. Namkunda akabaki amelala vile vile, na katika kungoja kule ndoto ikarudi nzima: amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga, lakini si mtama. Anasaga vigae vya vyungu vyake vilivyopasuka, na unga wake anauchanganya na udongo mbichi.

Aliinuka akafanya hivyo hivyo, bila kunawa. Siku zote za kukausha aliendelea kumtafunia mama yake, tonge kwa tonge. Alipochoma, chungu kilitoka kizima. Nambua akanywa uji, na siku ya tatu sauti ikamrudia.

Kesho yake Kirumbe alimwona mkewe akifumbua macho, akafungua mdomo.

"Mwache anawe uso kwanza, baba," Nambua akamwambia. "Tulipomsalimu tulilala njaa. Niliponyamaza nimekunywa uji."

Na tangu siku hiyo, aliyeamka hasalimiwi mpaka anawe uso, wala mfinyanzi hatupi kigae. Watu wazima wote waliikubali desturi hiyo. Watoto wachanga hawakuulizwa, nao mpaka leo humlilia mama kabla hajafumbua macho. Ndiyo maana hakuna mwenye ndoto nyingi zilizopotea kama mama.