Sindano ya Mama Subilaga

Hii nimeletewa na mtu ninayemheshimu, nikaona nisikae nayo peke yangu. Kama nyumbani kwako kuna kijana anayesubiri kwenda chuo, msomee.

Palikuwa na binti aitwaye Subilaga, akiishi na mama yake, wawili tu. Alimaliza kidato cha sita akafaulu vizuri, na vyuo viwili vikamchagua kusomea udaktari. Kimoja kilikuwa hapohapo mjini, unatembea kwa miguu unafika. Kingine kilikuwa upande wa pili wa nchi, kina hospitali yake kubwa, na hicho ndicho alichokuwa akikitaja tangu yuko shule ya msingi. Alitakiwa athibitishe kimoja kwa simu kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo angekosa vyote.

Basi binti akakosa raha. Chai anaikoroga mpaka inapoa. Begi anapanga, anapangua. Akawa anauliza kila mtu. Baba yake mdogo akasema, "Kaa karibu, ule ugali wa nyumbani." Mwalimu wake akasema, "Nenda mbali ukakomae." Hata muuza vocha alitoa maoni yake, na wala hakuombwa.

Lakini kilichomnyima usingizi hasa kilikuwa mama yake. Mama alikuwa na kisukari, na kila asubuhi kabla ya kula ilikuwa lazima achomwe sindano. Dawa ilikaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, maana friji hawakuwa nayo. Tangu arudi kutoka shule ya bweni, Subilaga ndiye aliyekuwa akimchoma. Sasa akiondoka, itakuwaje? Alifika mahali akamkasirikia mama yake kwa kuumwa, kisha akajichukia kwa kumkasirikia mgonjwa.

Ijumaa asubuhi akaja jikoni ameshika simu, macho mekundu.

"Mama, nimeamua. Nasoma hapa hapa."

"Kwa nini?"

"Si unajua. Nani atakuchoma sindano?"

Mama akamtazama, kisha akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Subi, ulikaa bweni miaka miwili. Nani alikuwa ananichoma?"

Binti akashusha simu. Miaka yote miwili hakuwahi kuuliza.

Mama akatoa dawa kwenye chungu, akavuta kipimo chake, akabana ngozi ya tumbo na kujichoma mwenyewe. Uji ulikuwa jikoni unachemka na hata haukuwahi kufurika.

Subilaga aliona aibu, na kusema kweli alikasirika kidogo. "Sasa mbona tangu nirudi umeniachia mimi?"

"Si uliniomba mwenyewe? Siku ile ya kwanza mkono ulikutetemeka, ukaniumiza kweli. Nikasema moyoni, heri atetemekee kwangu kuliko kwa mtoto wa mwenzangu. Sasa hivi hutetemeki tena."

Binti akakaa juu ya kigoda. Kumbe muda wote huo alidhani anamuuguza mama, na mama alikuwa anamfundisha kazi.

"Kwa hiyo niende mbali?"

"Sijasema hivyo. Karibu kuzuri, mbali kuzuri. Chagua mwenyewe. Ila usinisingizie mimi."

Neno hilo lilimwingia. Sasa hakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Ndipo alipokiri kwa sauti ndogo, "Mama, naogopa. Kule simjui mtu hata mmoja."

"Hilo ndilo nililokuwa nasubiri uniambie," mama akajibu, akamsogezea kikombe cha uji.

Subilaga akafungua simu, akatafuta jina la chuo cha mbali. Kidole kikaanza kutetemeka juu ya kioo, kama mkono ulivyotetemeka siku ile ya kwanza. Akamwangalia mama yake.

"Tetemeka, mwanangu," mama akasema. "Lakini bonyeza."

Akabonyeza.

Funzo: Kabla hujaacha unachokitaka kwa ajili ya mtu, muulize kwanza kama anahitaji uache. Huenda unayemwita mzigo wako ndiye aliyekubeba siku zote, na kinachokuzuia ni hofu yako mwenyewe.