Mayai Saba Chini ya Mkwaju

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa shimo lisilo mlango, na mfungwa asitoke!

Hapo kale, katika nchi ya vichuguu, aliishi Kakakuona, mpole, kibogoyo tangu kuzaliwa, mla mchwa na siafu. Nchi hiyo ilikuwa na mila: mshtakiwa huulizwa mara tatu. Asiye na hatia humkazia muulizaji macho. Ajikunjaye ndiye mwivi. Naye Kakakuona akikaripiwa hujikunja akawa kama tufe. Ndivyo alivyoumbwa.

Asubuhi moja Bi Kanga akapiga yowe: "Mayai yangu! Nimeibiwa!" Askari Nguchiro akatoka akipangusa masharubu, akamkuta Kakakuona njiani.

"Wewe! Umeiba mayai?"

"Sikuiba, afande." Akajikunja.

"Umeiba mayai saba?"

"Sikuiba, afande... sidhani." Akazidi kujikunja. Mle gizani, ndani ya magamba yake, mayai yakaanza kuonekana: moja, mawili, hata saba.

"Umeiba mayai saba, chini ya mkwaju, yaliyofunikwa majani makavu?"

Kakakuona akayasikia majani yakichakarika chini ya kucha zake. Kama sikupita pale, mbona nayaona? Kama sina hatia, mbona nimejikunja?

"Huenda niliiba, afande."

"Huenda haifungi mtu. Uliiba!"

"Basi niliiba."

Akahukumiwa kuchimba shimo mwenyewe, akae humo masika matatu. Akachimba. Shimo halikuwa na mlango wala mlinzi. Siku ya kwanza hakutoka. Siku ya pili hakutoka. Siku ya tatu alichungulia, akajikaripia, akarudi chini.

Siku ya nne Bi Kanga akaja na uchungu wake. "Ewe mla wanangu! Niambie basi, walikuwa na ladha gani?"

Kakakuona akafikiri sana. "Wachachu, mama. Tena waliniuma ulimi."

"Yai liume ulimi? Hebu fumbua kinywa." Akafumbua. Hamna jino. "Kibogoyo wee, hao ni siafu! Nani alikutajia saba?"

"Afande."

"Na mkwaju?"

"Afande."

"Na majani makavu?"

"Afande."

"Mimi nililia mayai tu. Idadi wala mahali sikumtajia mtu!"

Wakaenda wote pangoni kwa Nguchiro. Wakakuta makaka saba ya mayai. Nguchiro akatiwa shimoni, na kabla jua halijafika utosini, alikwisha toroka.

"Nawe toka, baba, nenda zako," akasema Bi Kanga.

"Nitakwenda, mama. Lakini kwanza unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Yale mayai."

Hata leo, Kakakuona akipita chini ya mkwaju hujikunja.

Ngano yangu naifunga: aulizwaye kwa ukali hujibu kwa hofu, na hofu si shahidi. Ikiwafaa, nendeni nayo. Isipowafaa, niachieni mwenyewe. Ila namwona mmoja wenu pale amejikunja. Ni baridi, ndugu yangu, au karanga zangu zilizopotea?