Kwa Nini Kitenzi cha Kigiriki Kina Kigugumizi

Lutufyo, okota daftari lako. Najua mmechoka, na minong'ono ya huko nyuma naisikia: eti kitenzi cha Kigiriki cha kale kiliumbwa kuwatesa wanachuo. Sura tatu za kukariri, na ya tatu ina kigugumizi, huirudia sauti yake ya kwanza. Fungeni vitabu niwasimulie. Mkishajua kisa chake mtaona haya kulalamika.

Enzi hizo vitenzi vya Wagiriki vilijua jana, leo na kesho, basi. Havikujua jambo lilikwendaje. Aliyekuwa akila na aliyemaliza kula walisemwa kwa neno lilelile, na hakuna aliyejali, maana sahani ilionekana.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mchimba visima, Theroni, na mkewe Melita. Kijiji hicho kilikuwa na desturi ya kutisha kidogo. Kisima kikiua mtu, maiti haikutolewa. Kilifukiwa siku hiyohiyo, kila mtu na kikapu chake cha udongo, ili mauti yasipande juu kutafuta mwingine. Mjane ndiye aliyemwaga cha kwanza.

Basi siku moja ukuta wa kisima ulimporomokea Theroni. Doro, mwenzake aliyekuwa juu akivuta ndoo, aliinama akamsikia akikoroma chini ya udongo, akatimua mbio hadi kijijini. Alipofika alisema kwa maneno aliyokuwa nayo: Theroni, kufa, leo. Jamani, kilio! Watu wakajaza vikapu, wakapanda mlimani, na Melita wakamtanguliza mbele na kikapu chake kichwani.

Ukingoni Melita aligoma. Wakadhani huzuni imemzidi, wakamsihi amwage, jua lilikuwa linashuka. Yeye akatua kikapu, akamkamata Doro mkono. Alitaka kumuuliza jambo ambalo lugha yake haikuwa na njia ya kuliuliza, kwa hiyo akachuchumaa, akachora mstari mrefu mchangani.

“Ulipomwacha, ilikuwa hivi?” Kisha akadidimiza kidole, akaweka nukta. “Au hivi?”

Doro aliitazama michoro ile, akaweka kidole chake juu ya mstari. Theroni alikuwa akifa. Hakuwa amekufa.

Loo! Vikapu vilevile vilivyobeba udongo wa kumfukia vikateremshwa kutoa udongo uliomlalia. Walichimba kwa mikono, kwa vyungu, kwa chochote, na wa mbele kabisa alikuwa Doro, analia na kuchimba. Giza lilipoingia Theroni alitolewa, mguu umevunjika, pumzi ipo.

Kijiji hakikutaka tena kuponea chupuchupu. Mstari wakaufanya sura moja ya kitenzi, kwa jambo linaloendelea. Nukta wakaifanya sura ya pili, kwa jambo zima lililotendeka.

Ya tatu aliileta Theroni mwenyewe. Alipoweza kusimama kwa mkongojo, alimwita mkewe mbele ya watu amshukuru. Akachora nukta, siku ile ya kisimani, akatikisa kichwa. Nukta ilikuwa nyuma, imekwisha, na yeye alikuwa hapa, anapumua. Akaanzia kwenye nukta hiyo akavuta mstari hadi kwenye vidole vya miguu yake. Akafungua kinywa kusema umeniokoa, machozi yakamkaba, sauti ya kwanza ikamkwama kooni. Akairudia, ndipo neno likatoka lote. Hakuna aliyecheka.

Na tangu siku hiyo, Mgiriki alipotaja jambo lililotendeka na matunda yake bado yapo, aliirudia sauti ya kwanza ya kitenzi, kama Theroni aliyekabwa na shukrani.

Mimi nilifundishwa haya na marehemu Mchungaji Asangalwisye, katika chumba hikihiki, binti pekee darasani, wakati wengine wakisema ninapoteza muda. Miaka ishirini sasa yuko kaburini. Lakini nikiulizwa habari zake sisemi alinifundisha. Nasema amenifundisha, na kila nikisema, sauti ya kwanza hunikwama.

Haya, fungueni vitabu.