Daftari la Gari Lenye Jini

Katika zama ambazo majini walikuwa wakiandikiana mikataba na wanadamu, alitawala katika mji wa Zafarani sultani mmoja aliyeitwa Mundhiri bin Asadi, mwenye majumba ya marumaru na bustani za ndege wasemao, naye alikuwa mwadilifu kwa raia zake. Na katika mji huo aliishi mjane mmoja, Muzna binti Harithi, mtengeneza dawa, ambaye ujuzi wake ulijulikana hata ng'ambo ya jangwa.

Ikatokea mwaka mmoja homa kali ikaingia katika mji wa Wadi Kafuri, nyuma ya mlima Sumaku, na Muzna akapika dawa iliyoiweza homa ile, lakini dawa hiyo iliharibika siku ya nne, na mwendo wa ngamia ulikuwa siku tisa. Sultani akatangaza kwamba atakayeifikisha ingali na nguvu atapewa lolote atakaloomba. Muzna akaona hapana budi anunue gari la nguvu mbili, lile ambalo kwenye tambarare huenda kwa moto wa mafuta, na mlimani husukumwa na jini akaaye katika sanduku la shaba chini ya kiti. Magari mapya ya namna hiyo walikuwa nayo wafalme tu. Watu wengine walinunua yaliyokwisha kutumika.

Kwanza alikwenda kwa dalali Shaddadi, ambaye gari lake lilipakwa maji ya dhahabu na kutandikwa hariri, naye akaapa kwamba lilikuwa la binti mfalme aliyelipanda siku za Idi tu. Muzna akaomba daftari la matunzo, ambamo kila fundi huandika alichokitengeneza. Alipolisoma aliona miaka saba na majina ya mafundi watatu, lakini wino ulikuwa mmoja na mkono mmoja. Na saa ya mwendo, ile ihesabuyo farsakhi za njia, ilionyesha chache kuliko zilizoandikwa mwaka wa tano.

"Bwana Shaddadi," akasema kwa upole, "gari hili lilikuwa likitembea kinyumenyume?"

Shaddadi akacheka na kumlaumu karani, na alipoulizwa hati ya dhamana akaweka mkono kifuani, akasema neno lake linatosha. Muzna akatega sikio kwenye sanduku, akamsikia jini akikohoa ndani. Akaaga. Nyuma yake akaingia Jabiri, mtoto wa waziri, aliyekwisha kununua nusu ya mitungi ya dawa akitamani zawadi ya sultani, naye akaitazama dhahabu ya gari, akalinunua bila kufunua daftari.

Muzna akaelekezwa kwa Ghanimu bin Shibli, mpima nyota, mtu mkimya, ambaye gari lake lilikuwa na mikwaruzo na viti vyenye viraka. Kabla hajaulizwa, alimwekea mgeni wake daftari mapajani. Lilikuwa na madoa ya mafuta na miandiko ya watu wengi, na mahali pamoja Ghanimu mwenyewe ameandika: Mwaka wa tatu sanduku lilipata joto, kwa kuwa niliziba tundu la hewa kwa mizigo yangu, kosa ni langu. Muzna akaurudia mstari huo mara mbili. Kisha akagonga sanduku, akamsalimu jini na kumuuliza hali yake.

"Mimi ni Lahabu," sauti ikajibu. "Nimezeeka, bibi, lakini sina kinyongo."

Hata hivyo hakutosheka. Alifuatana na Ghanimu hadi karakana, wakalilinganisha daftari na kumbukumbu za mafundi. Kisha wakaenda kwa kadhi, kwa kuwa dhamana ya mfalme wa majini ya kulitengeneza sanduku likiharibika, iliyobakiza miaka miwili, ilikuwa haimfuati mnunuzi mpaka jina lake liandikwe na kupigwa muhuri.

"Umenikagua sana, bibi," akasema Ghanimu.

"Sikukukagua wewe, bwana. Mji mzima unaningoja nyuma ya mlima."

Basi siku hiyohiyo akalipa bei, akaondoka peke yake na mitungi yake, na siku mbili akalikata jangwa kwa moto wa mafuta. Chini ya mlima akamkuta Jabiri ameketi juu ya jiwe kando ya gari la dhahabu, jini wake amekwisha kutoroka kwa ufa wa sanduku. Muzna hakumcheka; alimpandisha pamoja na mitungi yake. Lakini uzito ulizidi, na katikati ya mpando sanduku la Lahabu likapasuka, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea korongo. Muzna akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, akaichomoa hati ya dhamana kifuani, akaisoma kwa sauti.

Mbingu zikapasuka, akashuka fundi wa majini mwenye mbawa za shaba, akalishika gari kwa kidole kimoja na kuomba daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kwani msimu mmoja ulioachwa bila matunzo ungeivunja ahadi. Hakuupata.

"Haki yako imetimia," akasema, akatia sanduku jipya lenye jini kijana, na Lahabu akaachwa huru, akaruka akiimba.

Jua la siku ya tatu halijatua Muzna akaingia Wadi Kafuri, na watu wakanywa dawa, wakapona, wakampokea kwa vigelegele. Waliporudi Zafarani Jabiri mwenyewe akasimulia yote mbele ya sultani, naye Shaddadi akaamriwa kumrudishia mali yake na kuondoka sokoni. Alipoambiwa aombe, Muzna aliomba kwamba gari lolote lisiuzwe Zafarani mpaka daftari na dhamana yake visomwe mbele ya kadhi. Na sultani akakubali, akamwongezea jumba na hazina. Ghanimu akapeleka posa, ikapokewa kwa furaha, na arusi ikadumu siku saba.

Basi kwenu mnaosikiliza, mafunzo ni haya: dhahabu ya nje hupakwa kwa siku moja, ila matunzo ya miaka huacha maandishi, na mwenye kuyasoma kwa subira hatajuta njiani.