Zimwi Lililovishwa Kilemba

“Kwani zimwi hili linakula nini?” Sikudhani aliuliza barazani.

Nchi yenyewe ndogo, makabila matatu, na hakuna lililokubali kutawaliwa na jingine. “Afadhali zimwi kuliko wale!” walisema wote, wakalivika kilemba.

Likawapiga rungu watu wa Mlimani, likawameza. Wa Bondeni wakacheka: “Walizidi kuringa!” Likawameza wa Bondeni. Wa Ziwani wakapiga vigelegele. Likawameza wa Ziwani.

Akabaki Sikudhani, baba yake wa Mlimani, mama yake wa Bondeni, ambaye zimwi lilishindwa kumpangia zamu. Lilipolala kwa shibe akalipasua tumbo kwa panga, damu ikamrukia machoni. Ndani walikuwa hai! Lakini jeraha la zimwi hujifunga lenyewe.

“Mama, toka!”

“Nitapita wapi, mwanangu? Wa Mlimani wameziba njia!”

“Na hatangulii mtu wa Bondeni hapa!” wakafoka wa Mlimani.

Wakang’atana, wakatoboana macho. Jeraha likajifunga. Akapasua tena, wakakabana koo, likajifunga. Mara ya tatu panga likavunjika, akang’ang’ania ukingo mmoja wa jeraha kwa kucha.

Bado kaushikilia, na mama yumo ndani. Wewe unayenisikiliza, njoo ushike ukingo wa pili.